Detekta mpya na rupia za Uyui

Kuna dai linalozunguka vijiweni kwamba njia ya misafara imejaa sarafu, hivyo mwenye detekta mpya, mashine ya kutafuta metali ardhini, aende tu Isikizya wilayani Uyui, azibebe. Ardhi ya Uyui kweli ilipitiwa na misafara iliyotoka Tabora kuelekea Ziwa Viktoria. Lakini mapagazi walibeba nini? Merikani, kaniki, shanga, masango ya shaba, na wakirudi, pembe za ndovu. Posho ya njiani ilinunuliwa kwa nguo na shanga, na jembe la chuma lilikuwa fedha tosha. Sarafu za reale za Maria Theresa zilikuwa za matajiri wa Tabora zaidi kuliko za mpagazi. Sasa detekta haisikii kitambaa wala shanga ya kioo. Itakachosikia ni sango na jembe lililoliwa na kutu.

Sarafu zilienea vijijini baadaye, tena kwa shuruti. Kodi ya kibanda ya Wajerumani, iliyoanza 1898, ndiyo iliyomlazimisha mkulima kutafuta sarafu za rupia. Sarafu ndogo za heller zikafuata kuanzia 1904, 100 kwa rupia moja. Kwa hiyo penye gulio la zamani pana matumaini zaidi kuliko njiani, na kinachodondoka sana ni heller. Rupia nzima ikimponyoka mtu, anaitafuta mpaka aione!

Dai la pili ndilo linalowagharimu wageni: eti namba ya kwenye kioo cha mashine inakutajia aina ya metali. Haitaji. Mashine hupeleka mawimbi ardhini na kupima jinsi metali inavyojibu. Ukubwa, umbo, kutu na ulalo wa kitu vyote vinachangia jibu. Dhahabu ndogo yaweza kutoa namba ileile ya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha alumini. Kizibo cha soda, ambacho ni bati la chuma, huimba vizuri kama sarafu. Ndiyo maana unapita juu yake mara ya pili kwa kukata msalaba: sarafu iliyolala hutoa mlio mmoja thabiti pande zote, kizibo mara nyingi hukwaruza upande mmoja. Jizoeze nyumbani: zika senti kumi ya tundu ya enzi za Mwingereza uani, kina cha kiganja, weka msumari kando, kisha pitisha sahani ya detekta polepole mpaka sikio lizoee. Kioo utakitazama baadaye.

Dai la tatu: "Ongeza nguvu hadi mwisho." Hapana. Penye changarawe nyekundu yenye chuma, ardhi yenyewe hupiga kelele. Sawazisha mashine na udongo kwanza, punguza nguvu, utasikia zaidi.

Na masanduku ya dhahabu ya Mjerumani? Dhahabu yenyewe si uzushi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia ya meli, karakana ya reli Tabora ilipiga mwaka 1916 sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa takriban 16,000, na zilitengenezwa ili zitumike. Wabelgiji waliingia mjini Septemba mwaka huohuo. Kutoka hapo hadi sanduku lililozikwa chini ya mkwaju wa fulani ni hadithi ya mtu anayetaka umlipe kabla hujachimba.

La mwisho ni fupi: "ukiokota ni chako." Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai kibali kwa anayechimba kutafuta malikale, na mwenye shamba naye ana neno lake.