Damu imesema yuko salama!

Jamani, leo naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mama yangu mdogo alishika kijiuvimbe kwenye titi. Akaenda hospitali moja binafsi hapa Dar (jina silitaji, wenyewe wanajijua). Wakamtoa damu, wakapima kitu kinaitwa CA 15-3, majibu yakaja "kawaida". Nenda nyumbani mama, huna saratani. Akalipa, akamshukuru Mungu, akaondoka. Miezi saba baadaye tulikuwa tunamsindikiza wodi ya saratani.

Hivi nani alituaminisha kwamba kila ugonjwa lazima uonekane kwenye damu? Malaria sawa, sukari sawa. CA 15-3 ni protini inayotoka kwenye uvimbe na kuingia kwenye damu. Saratani ikiwa changa, mara nyingi kiwango hakipandi. Na mwenye ugonjwa wa ini anaweza kupanda bila kuwa na saratani yoyote! Ndiyo maana mwaka 2007 ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, kiliandika kwamba kipimo hiki kisitumike kutafuta saratani wala kuithibitisha. Kazi yake ni kusaidia kumfuatilia mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa, tena pamoja na picha na uchunguzi wa daktari.

Mtaniambia sayansi imesonga mbele. Kweli. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa wanawake 177 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliokutwa na seli 5 au zaidi za saratani katika mililita 7.5 za damu, nusu yao walifariki ndani ya miezi kama 10. Kwa wenye pungufu ya hapo, ilipita miezi 18. Utabiri mzuri. Lakini mwaka 2014 yakaja majibu ya jaribio jingine: wagonjwa ambao seli hizo hazikupungua baada ya duru ya kwanza ya dawa walibadilishiwa dawa mapema, na hawakuishi zaidi ya wale ambao hawakubadilishiwa. Mwaka 2023 Marekani ikapitisha dawa ya elacestrant, na kipimo cha damu kinaonyesha nani itamfaa. Safi sana, ila ni kwa mgonjwa ambaye saratani yake inajulikana na imeshakomaa, si kwa mama mwenye uvimbe ambao hata haujachunguzwa.

Alichohitaji mama mdogo ni kuchukuliwa kinyama. Kinyama ndicho kinachosema kama ni saratani, kama ina vipokezi vya estrojeni, ili apewe tamoksifeni, kidonge cha zamani cha bei nafuu, na kama ina HER2 nyingi, ili ipangwe trastuzumab, dawa ambayo WHO iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Najua utetezi wao: eti wagonjwa wanaogopa, wanaamini uvimbe ukichokozwa unasambaa. Sasa daktari yupo wa nini? Kazi yake ni kumtoa mgonjwa hofu hiyo, siyo kuigeuza biashara kwa kumuuzia karatasi ya maabara.

Dada zangu, mama zangu, ukishika uvimbe halafu ukaambiwa damu iko safi, usishukuru kwanza. Uliza: kinyama mnachukua lini?

Mama mdogo yuko kwenye matibabu. Ile karatasi ya "kawaida" bado ninayo.

Nawakilisha.