Mtabiri wa Hali ya Hewa Asifunzwe Kusoma Tu

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu, wala hawakusema kuwa mawingu ndiyo mvua. Katika tofauti hiyo ndogo umo ugumu wa kazi ya mtabiri wa hali ya hewa. Wapo wanafunzi wa sekondari watazamao taarifa ya hali ya hewa katika televisheni wakatamani siku moja kusimama mahali pale. Nia yao ni njema, ila yafaa waelezwe mapema kwamba kazi ile haianzii mbele ya kamera.

Mtazamaji humwona mtangazaji akionyesha ramani kwa mkono. Mara nyingi ramani hiyo haipo: nyuma yake pana ukuta wa kijani, na mtambo ndio uwekao picha ya ramani mahali pa rangi hiyo. Yeye hujiongoza kwa kutazama viwambo vya pembeni. Ustadi huo hupatikana kwa mazoezi. Lililo gumu zaidi ni kuelewa lile linalosemwa juu ya ramani.

Nchi zetu zilizo karibu na Ikweta zina ugumu wa pekee. Huku tofauti za kanieneo la hewa ni ndogo, na mvua nyingi hutokana na hewa yenye joto inayopanda na kujenga mawingu mazito kwa muda wa saa chache tu. Ndiyo maana Kariakoo huweza kulowa huku Ubungo pakiwa pakavu. Tena, mwaka 1963 mwanasayansi Edward Lorenz wa Marekani alionyesha kwamba tofauti ndogo sana katika vipimo vya mwanzo huweza kukua hata kuubadili utabiri wote. Kwa sababu hiyo, siku hizi kompyuta hurudia hesabu mara nyingi, kila mara kwa kubadili kidogo vipimo vya mwanzo. Majibu yakikaribiana, mtabiri husema kwa uhakika zaidi. Yakitawanyika, hana budi kusema kwa hadhari.

Basi atamwambiaje mkulima jambo hilo? Hapa, kwa maoni yangu, ndipo mafunzo yanapopaswa kutiliwa mkazo. Chukua neno "wastani". Mkulima asikiapo "mvua za wastani" huelewa mvua ya kutosha. Mtabiri amekusudia mvua inayolingana na kawaida ya mahali pale kwa miaka mingi. Dodoma hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, na Bukoba takriban 2,000. Wastani wa kwanza si wastani wa pili. Au chukua kauli "mvua inatarajiwa". Katika lugha yetu kutarajia ni kutumaini pia, na msikilizaji huweza kuipokea kauli hiyo kama ahadi. Mvua isiponyesha, humwita mtabiri mwongo, na siku ya hatari hatamsikiliza.

Wako wasemao kwamba wananchi hawapendi kuelezwa mambo ya uwezekano; wanataka kuambiwa itanyesha au haitanyesha. Sikubaliani nao. Mvuvi hupima uwezekano kila alfajiri kabla ya kutweka tanga. Anachohitaji ni kipimo cha kweli.

Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tarehe 4 kimbunga kilifika Mafia, kisha kikapungua nguvu. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye hakupatwa na dhoruba aliweza kudhani kwamba ametishwa bure. Mkazi wa Mafia au Kilwa hakuwa na sababu ya kudhani hivyo. Tahadhari ilikuwa ya haki kwa wote wawili. Lakini kuliona hilo kwahitaji elimu, nayo haiwezi kuanza siku ya kimbunga.

Napendekeza basi ianze shuleni. Kipimamvua kiwekwe uwanjani na kusomwa kila siku saa tatu asubuhi. Wanafunzi wajue kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 3,000. Kila alasiri mwanafunzi mmoja asimame mbele ya wenzake kwa dakika mbili, aeleze hali ya kesho na kutaja uwezekano wa mvua kwa tarakimu. Yote yaandikwe daftarini. Mwisho wa muhula wahesabu: ikiwa walisema mara 20 kwamba uwezekano ni saba katika kumi, mvua ingepaswa kunyesha karibu mara 14. Mwalimu wa fizikia asahihishe tarakimu, na mwalimu wa Kiswahili asahihishe maneno.

Mwanafunzi aliyelelewa hivyo, aendapo kusomea taaluma hii Kigoma au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atakuwa ameshajifunza kukiri kosa lake mbele ya watu na kulirekebisha. Na wenzake watakaobaki kuwa wakulima, wavuvi na walimu watakuwa wamejifunza kumsikiliza.