Jicho la Mhunzi wa Reli

Ndugu Wafanyakazi,

Wako wasemao kwamba mali ya ardhini huvumbuliwa na wataalamu peke yao. Hebu tutazame Sudbury, nchi ya Kanada. Zaidi ya miaka milioni 1,800 iliyopita jiwe kubwa sana lilianguka huko kutoka angani, likachimba shimo la ajabu. Miamba ikayeyuka kama uji, na nikeli na shaba zilizokuwamo zikazama zikakusanyika chini.

Mwaka 1883 watu wa reli walikuwa wakipasua mwamba ili kupitisha njia. Mhunzi wao, Thomas Flanagan, akaona jiwe lenye rangi ya kutu. Huo ndio mwanzo wa migodi ile. Lakini mgodi wa pale uliitwa Murray, jina la walioandikisha ardhi, wala si jina lake. Mtaalamu Robert Dietz alitoa hoja ya jiwe la angani mwaka 1964.

Hata leo makampuni yanatafuta madini kandokando ya shimo hilo. Ni vyema, kazi itapatikana. Lakini mali haijigawi yenyewe. Wachimbaji wa huko waligoma Septemba 1978, na hawakurudi kazini mpaka Juni 1979.

Basi ndugu, watafutaji madini wakija kwetu, tusingoje mgodi ufunguliwe ndipo tuulize habari za mshahara na usalama. Chama kiulize kwanza, na kila mmoja wetu awe mwanachama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli