Tukigongana, Kosa ni la Nani?

Kanuni tunazijua sote. Ukimgonga mtu kwa nyuma, kosa ni lako, hukuacha nafasi. Kwenye kipilefti, mpishe anayetoka kulia. Ukiingia barabara kubwa, subiri. Tulifundishwa, tukafanya mtihani, tukapewa leseni. Lakini hapa Dar es Salaam, magari mawili yakigusana jioni pale Tazara, chini ya daraja la Mfugale, hakuna anayeuliza kanuni inasemaje.

Anafika bodaboda, hakuona kitu, ila hukumu anayo. Anafika muuza maji: "Huyu kachomekea!" Mwenye gari la bei ndiye mkosaji, kwa kuwa ana uwezo. Dereva akiwa mwanamke, kosa ameshapewa kabla hajafungua mlango. Aliyegongwa anainama kutazama: bampa limepasuka, taa ya nyuma imebaki balbu tupu, vipande vyekundu vimetapakaa lami. Mwenzake anasema, "Dada, umefunga breki ghafla." Na hakuna anayethubutu kusogeza gari, maana ukilisogeza utaambiwa umeharibu ushahidi. Foleni inarudi nyuma mpaka Buguruni, watu wanapiga honi, na matusi mnayapata nyote wawili.

Mkimngoja trafiki, atakuja akipata nafasi. Akija atapima, atachora, atachukua leseni, na magari yatakwenda kituoni. Njoo kesho. Kesho mpelelezi ametoka. Keshokutwa mkaguzi wa magari hajafika. Siku ya nne ripoti haijasainiwa, na bila ripoti watu wa bima hawakusikilizi. Kila mwaka tunalipa bima ndogo, na bima hiyo hailitengenezi gari lako, inalitengeneza la uliyemgonga. Ukigongwa wewe, ni lazima kwanza iandikwe kwamba kosa ni la mwenzako, ndipo ukadai kwenye bima yake. Huku na huko, nauli za kufuatilia zimeshazidi bei ya taa.

Ndiyo maana hata askari akituonea huruma anasema, "Yamalizeni wenyewe." Nasi tunayamaliza. Mmoja ana mtoto anamngoja shuleni, bosi anapiga simu, gari ni la kuazima. Mwingine hana pa kuwahi, anaegemea boneti na kukunja mikono. Anayewahi ndiye anayeingia mfukoni, hata kama amegongwa akiwa amesimama kwenye taa nyekundu.

Hatuombi makubwa. Simu zenye kamera tunazo. Tupige picha za matairi, mistari ya barabara na namba za magari, tusogee pembeni wenzetu wapite, na picha hizo zipokelewe kituoni na kwenye bima bila kuzungushana. Aliyegongwa alipwe na aliyemgonga, basi.

Kwa sasa, ajali ndogo mjini hapa mkosaji wake anajulikana mapema. Ni yule mwenye haraka.