Ukoka wa Uani na Maji ya Shela

Mtoto wa ndugu yangu alirudi kutoka Ghuba na hamu moja moyoni: apate uwanja wa majani mabichi mbele ya nyumba yake, yaliyosongamana kama zulia, mfano wa aliyoyaona Maskati katika nyumba za wakubwa. Akaleta mbegu za kigeni, akanunua pampu, akaitia kisimani. Asubuhi maji, jioni maji. Mwezi wa tatu majani yakageuka manjano, na mama mmoja jirani akanijia mlangoni: "Bwana, siku hizi hata chai yetu ina chumvi."

Simcheki kijana. Kupenda kijani si dhambi. Riyadha, jina la msikiti wetu mashuhuri hapa Lamu, maana yake ni bustani. Lakini wazee wetu walijua kipimo: katika kiwanda cha nyumba ya mawe walipanda asumini na mrehani, wakavimwagilia kwa kata.

Walikuwa na sababu. Maji tunywayo Lamu ni mvua iliyonywewa na vilima vya mchanga vya Shela. Maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari. Ukiyateka kwa kiasi, yanakaa. Ukiyavuta kwa pampu kupita mvua inavyorudisha, chumvi hupanda, na ikishapanda hairudi upesi. Tazameni Takwa, ng'ambo kule Manda. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Watu wake, yasemwa, ndio waliohamia Shela, na watu wa Shela wana ada ya kuvuka kwenda kwenye kaburi la mnara kuomba mvua. Ni ajabu tuombe mvua Takwa, kisha tuimwage uani Lamu!

"Basi Ami, niache mchanga mtupu?" kijana akaniuliza. Nikamwambia hapana. Nikamchukua njiani wanakopita punda, nikamwonyesha ukoka. Huo hauna haja ya kuletwa kwa ndege. Unavumilia chumvi, unavumilia kukanyagwa, na kiangazi ukikauka, mizizi haifi.

Tulifanya hivi. Tulichanganya mchanga na samadi ya punda iliyooza vyema, kwani mbichi huja na mbegu za magugu. Majivu hatukutia, mchanga wetu wa matumbawe una chokaa ya kutosha. Tukangoja masika, tukakata vikonyo vya ukoka vyenye vifundo, tukavipanda shubiri kwa shubiri mahali penye jua, maana chini ya mwarobaini ukoka hukonda. Mvua ikafanya kazi yake. Baada ya hapo tukaunywesha mara chache lakini kwa kushiba, ili mizizi ifuate maji chini, na maji yenyewe ni yale ya udhu yaliyokusanywa kwenye karai. Tukikata, tunaacha urefu wa vidole viwili au vitatu, kwani ukinyolewa hadi udongoni jua huuchoma.

Leo uwanja wa kijana ni mzito, na pampu imenyamaza.

Rai yangu ni hii. Mji wetu umetiwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na wageni wanajenga, nasi twajenga. Atakaye majani na apande, lakini apande yanayokubaliana na kisiwa, na asiyanyweshe maji ya kisima. Na vile vilima vya Shela visijengwe wala kuchotwa mchanga, kwani ndivyo birika letu sote. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza israfu ya maji hata tukitawadha kwenye mto upitao. Sisi hata huo mto hatuna.

Yule mama jirani bado anaonja chumvi kwenye chai yake. Tunangoja masika mengine, Inshallah yatamsafishia kisima.