Miguu ya Kichanga Katika Baridi ya Songea

Mwezi Juni unapoingia, Songea huwa mji wa makoti na masweta. Uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jirani na milima ya Matogoro unakoanzia mto Ruvuma, na usiku wake wa Juni na Julai huwashangaza wageni wanaodhani Tanzania nzima ina joto la Dar es Salaam. Mtu mzima huongeza blanketi, jambo likaisha. Mtoto aliyezaliwa usiku huo hawezi kujiongezea chochote. Kwa ajili yake, yaliyogunduliwa kwa panya katika maabara za mbali yanastahili kujulikana na mkunga na mama wa Ruvuma.

Panya wa maabara akiwekwa mahali pa baridi, ngozi ndiyo hutangulia kutoa habari. Vipokezi vya baridi vilivyo kwenye ncha za neva hupeleka taarifa katika uti wa mgongo, kisha shina la ubongo, hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo inayosimamia joto la mwili. (Ugunduzi wa vipokezi vya joto na baridi ulichangia Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021, waliyopewa David Julius na Ardem Patapoutian.) Kutoka hapo amri hushuka: mishipa ya damu ya ngozi hubana, misuli hutetemeka, mafuta ya kahawia huunguzwa ili yatoe joto, na homoni za msongo huongezeka katika damu. La kuzingatia zaidi ni wakati. Amri hizo huanza ngozi inapopoa, kabla joto la ndani halijashuka. Kwa kipimajoto panya huyo ni mzima. Kumbe sukari, mafuta na oksijeni vinateketea kwa kasi.

Kichanga hutumia njia iyo hiyo, ila kwa akiba ndogo. Hawezi kutetemeka vya kutosha, hivyo hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo baina ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Njiti hana hata hayo ya kutosha. Baridi ikiendelea, sukari ya damu hushuka, upumuaji hutaabika, na ubongo ule ule uliotoa amri ndio unaokuja kukosa chakula. Shirika la Afya Duniani limeweka joto la kawaida la kichanga kuwa nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kungoja mpaka kipimajoto kisome chini ya hapo ndipo mtoto afunikwe ni kungoja akiba imwagike.

Miguu hutoa habari mapema. Miguu ikiwa ya baridi na tumbo lina joto, mtoto yumo katika msongo wa baridi; vyote viwili vikiwa vya baridi, amekwisha kupoa. Kiganja cha mkunga hakihitaji betri wala bajeti, na huenda ndiyo sababu kinadharauliwa. Kipimajoto kibaki, lakini kisipewe neno la kwanza.

Wapo watakaosema panya si mtu, na wana haki. Tena kuna kinaya: panya wadogo wa maabara hustarehe kwenye nyuzi 30 hivi, lakini kwa kawaida hufugwa kwenye nyuzi 20 hadi 24 zinazowafaa wahudumu wao. Wengi wao, basi, huingia katika majaribio wakiwa tayari wanapambana na baridi. Kwa hiyo hakuna saa wala kipimo cha dawa kinachofaa kuhamishwa moja kwa moja kutoka kwao hadi wodini. Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu: ubongo huanza kugharamika mapema kuliko kipimajoto kinavyoonyesha.

Kinga yake haina anasa. Mtoto akaushwe mara tu anapozaliwa, avikwe kofia, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na nyuzi 25 au zaidi, sharti gumu katika Julai ya Songea. Kifua cha mama hakingoji umeme. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799, ulionyesha kwamba kuanza njia ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25. Si joto pekee lililoleta nafuu hiyo, kwani maambukizi nayo yalipungua.

Nyumbani, jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya kaboni monoksidi huua mama na mtoto wakiwa usingizini. Na bibi anayetaka mjukuu aogeshwe asubuhi hiyo hiyo aombwe kwa heshima asubiri saa 24. Akikataa, apewe mguu wa mtoto aushike mwenyewe.