Kinachoingia Usiku ni Maswali

Mwendesha semina alivaa suti ya buluu. Nyuma yake projekta ilimulika picha ya skrini: dola, tarehe, na mstari mwekundu unaopanda. Akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza: "Nani hapa angependa kuamka asubuhi akute pesa imeingia usiku?" Mikono yote ikapanda, wangu ukiwemo. Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita, katika ukumbi wa hoteli Dar es Salaam. Kiingilio tulicholipa mlangoni ndiyo pesa pekee ya mtandaoni niliyoiona ikiingia siku ile, na aliyeipokea alikuwa macho, amesimama, anatokwa jasho.

Imani ile haijafa. Imezidi kunenepa. Kijana aliyemaliza chuo anaambiwa afungue tovuti, abandike matangazo, kisha akae pembeni asubiri. Mwenye duka la vipuri vya pikipiki anamlipa fundi laki tano, anapewa tovuti, na tangu siku hiyo anatembea akisema, "Tovuti tayari ninayo," kama mtu aliyetundika kibao barabarani. Wote wawili wanaamini jambo moja: kwamba tovuti ni mashine, ukishaiwasha inajiendesha. Nasema ni uongo, na uongo huu unawala wenye mtaji mdogo kwanza, kwa kuwa wenye mtaji mkubwa wanayo ya kupoteza.

Tuanze na matangazo, maana huko ndiko wengi huanzia. Google ilianzisha AdSense, huduma yake ya kuwalipa wenye tovuti kwa matangazo, mwaka 2003, na taratibu zake si siri. Mapato yako yakifika dola 10 unatumiwa kadi ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani. Kijana asiye na sanduku la posta huazima la shule au la parokia. Baada ya hapo hulipwi kitu mpaka ufikishe dola 100. Sasa tupige hesabu. Tuseme kila mara kurasa zako zinapofunguliwa mara 1,000 unapata dola 1. Ili ulipwe zile 100 unahitaji kurasa zifunguliwe mara 100,000. Ukitaka ulipwe kila mwezi, ni zaidi ya mara 3,300 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na dola 100 ni takriban robo milioni ya shilingi za Tanzania. Toa bando, toa kodi ya seva, toa ada ya domeni, kisha jiulize ni makala ngapi utaandika ili watu 3,300 wawe na sababu ya kuja leo na kesho kurudi tena.

Serikali nazo hazikulala. Tanzania ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa alipe 100,000 ya maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine ya kila mwaka. Ada hizo zilikuja kupunguzwa, lakini wapo waliokwisha kufunga. Kenya nayo, kupitia sheria ya fedha ya mwaka 2023, ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni kwa wakazi wake. Sisemi kodi ni dhambi. Nasema yule bwana wa projekta hakuiweka kwenye mstari wake mwekundu.

Hapo nitaulizwa: mbona waliofanikiwa wapo? Wapo, na tuwatazame vizuri. Issa Michuzi alifungua blogu yake mwaka 2005, tayari akiwa mpiga picha wa magazeti. Waliokuwa wakiifuata wanakumbuka: harusi, misiba, ziara za viongozi, picha mpya kila uchao. Kwanza alikuwa na kazi, kamera na watu wanaomjua, ndipo blogu ikafuata. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilijengwa kwa miaka ya kusimamia mijadala, na waanzilishi wake walifikishwa mahakamani kwa ajili ya kazi hiyo. Ukiitwa kizimbani kwa sababu ya tovuti yako, hiyo si pesa ya usingizini.

Waliokuwa na mamilioni ya dola nao hawakupewa usingizi. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la New York Aprili 2019, na Novemba ya mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Copia, kampuni ya Kenya iliyouza bidhaa kwa watu wa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Tovuti zao zilifanya kazi usiku na mchana bila kuchoka. Kilichochosha kilikuwa nje ya skrini: maghala, magari, mizigo inayorudishwa, na gharama ya kumfikia mteja mmoja kuzidi faida inayopatikana kwake.

Basi tovuti haina maana kwa mfanyabiashara mdogo? Ina maana kubwa, ila pesa yake haipo pale inapotafutwa.

Chukua nyumba ya wageni ya vyumba sita kule Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Tuseme ni yako. Wageni wako wanakuja kupitia mawakala wa mtandaoni kama Booking.com, ambao kamisheni yao mara nyingi ni kama asilimia 15. Chumba kwa usiku ni dola 50. Kwa mwaka mzima umeuza vyumba mara 1,000, chini ya nusu ya uwezo wa nyumba. Umeingiza dola 50,000, na wakala ameondoka na 7,500. Sasa tuseme robo ya wageni hao wangeweka nafasi moja kwa moja kwenye tovuti yako. Dola 1,875 zingebaki nyumbani. Kampuni ya malipo ya kadi itakata chake, lakini kitakachosalia bado kitamlipa mtu mshahara wa miezi kadhaa. Hiyo ndiyo pesa ya tovuti kwa mtu mdogo. Haitoki Google. Inatoka kwenye mfuko wako mwenyewe, ambao ulikuwa unavuja.

Lakini kwa nini mgeni wa Milano amwache wakala anayemjua akuamini wewe? Kwa sababu moja tu: umemjibu swali ambalo wakala hakulijibu. Jambiani maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana, na pale palipokuwa na mawimbi unawaona wanawake wakihudumia mashamba yao ya mwani. Mgeni aliyeona picha ya maji ya buluu yanayogusa ngazi za baraza, akafika wakati wa kupwa, atadhani ameibiwa. Mweleze mapema. Mwandikie saa za kupwa na kujaa. Mwambie kusi inavuma lini na kaskazi lini, kwa sababu wanaocheza na tiara za baharini pale Paje wanapanga safari kwa kufuata upepo. Mwambie masika ikoje, na teksi kutoka uwanja wa ndege ni shilingi ngapi.

Kisha endelea kumwambia, maana mambo hubadilika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar walitakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Tovuti iliyoguswa mara ya mwisho mwaka 2022 haikujua habari hiyo. Mgeni wake aliisikia uwanjani, akiwa kwenye foleni na watoto wawili, akafika kwenye chumba chako amenuna. Tovuti isiyotunzwa haikai kimya tu. Inasema uongo kwa niaba yako.

Sasa turudi kwenye ule usiku. Mgeni wa Chicago anapoketi saa mbili usiku kwake kuandika ujumbe, kwako ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Kweli, kitu kimeingia ukiwa umelala. Lakini si pesa. Ni swali. Ukiamka ukalijibu kabla ya chai, huenda likawa pesa. Ukilijibu Ijumaa, ameshalala kwa jirani yako. Siri yote ya biashara ya tovuti ndiyo hiyo, na haihitaji semina ya siku mbili na vitafunwa.

Yule wa vipuri vya pikipiki naye yumo humuhumu, bahari au hakuna bahari. Fungua tovuti yake. "Karibu kwenye tovuti yetu." Chini yake Wazungu wawili wenye tai wanapeana mikono, watu ambao hawajawahi kufika Kariakoo wala hawajui bodaboda. Kuna ukurasa wa "Dhamira na Dira". Bei hakuna. Ukipiga simu unaambiwa bei njoo inbox. Jamani, mteja ana pikipiki imelala Kibaha, anataka kujua mambo matatu: kipuri kipo, ni shilingi ngapi, kitanifikia lini. Weka hayo matatu, weka kitufe cha WhatsApp na lipa namba, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Dhamira yako ataiona kipuri kikifika.

Najua kinachowazuia kuandika bei: mshindani ataiona. Mshindani anaijua, alimtuma mdogo wake dukani kwako wiki iliyopita. Asiyeijua ni mteja, na mteja asiyejua bei hudhani ni kubwa.

Wengine hujikinga na methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kusema hivyo alikuwa sokoni, ambako embe linaonekana, linanukia na linaminywa. Mtandaoni hakuna wapita njia. Tovuti nzuri isiyoandikwa kwenye risiti, kwenye mfuko, kwenye bango la duka na kwenye kila ujumbe wa WhatsApp ni embe lililofichwa kabatini. Methali inayofaa hapa ni nyingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwezi andika wangapi walikuja kupitia tovuti, wangapi walinunua, na ulitumia kiasi gani kuilea. Miezi sita ikipita na daftari halikupi sababu, ifunge bila aibu.

Kuna jambo la mwisho, na hili nimelijua kwa kuumia. Tovuti yangu ya kwanza ilitengenezwa na fundi hodari, mcheshi, aliyesajili domeni kwa barua pepe yake mwenyewe "ili kurahisisha". Nikamwamini. Mwaka ulipokwisha namba yake ya simu haikupatikana, ada haikulipwa, na jina nililolichapa kwenye kadi 500 likachukuliwa na watu wa kamari. Wateja wangu wakawa wanafungua anwani yangu na kukaribishwa kubeti. Fundi alikosea, lakini mjinga nilikuwa mimi. Ningepanga fremu ya duka bila mkataba wenye jina langu? Domeni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, nywila uwe nazo, na nakala ya tovuti uiweke mahali unapopajua.

Anayesema basi tuachane na tovuti, Instagram yatosha, namwomba akumbuke tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja kwa takriban saa sita. Waganda wana kumbukumbu chungu zaidi: Facebook ilifungwa nchini mwao Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na kufuli likabaki baada ya kura kuhesabiwa. Uza kwenye mitandao ya kijamii, ndiko wateja waliko. Ila ujue hiyo ni meza ya mnadani, na mwenye mnada anaweza kukuondoa bila kukupigia simu. Namba za wateja wako ziwe kwenye daftari lako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujampa fundi hata shilingi, chukua karatasi. Andika maswali kumi ambayo wateja wamekuuliza mwezi huu. Mbele ya kila swali andika jibu kamili, lenye bei. Karatasi hiyo ndiyo tovuti yako. Fundi ataipaka rangi tu. Na kama hukupata muda wa kujibu hayo kumi kwenye karatasi, huna muda wa kuwa na tovuti.